Televisheni Yenye Mtoto wa Jicho

Televisheni za rangi zilizotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 zina maradhi yao. Huanza pembezoni mwa skrini kwa vipovu vidogo vyeupe ambavyo ukipitisha kidole huvipati, maana haviko juu ya kioo wala nyuma yake. Miaka ikipita vipovu huungana vikawa mabaka, mabaka yakajongea kuelekea katikati, na mwishowe nusu nzima ya skrini huwa imezibwa na kitu ambacho ungeapa ni koga. Wakusanyaji wa huko huuita ugonjwa huu mtoto wa jicho. Ukiiwasha televisheni ya namna hiyo sauti husikika, picha hutokea, rangi zote zipo, ila unazitazama kupitia ukungu. Nyingi zilitupwa kwa sababu hiyo tu. Mwenyewe alitazama, akasema tyubu imekufa, akaita gari la taka.

Tyubu ilikuwa hai. Katika ufundi wangu wote sijaona kosa lililoangamiza vitu vizima vingi kama hili la kukichukulia kilichofunikwa kuwa kimekufa.

Tyubu ya picha ni chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa ndani. Hewa ya nje huikandamiza kwa uzito wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba. Chukua ile tyubu ya rangi ya mviringo ya inchi 21, iliyotawala sebule za Marekani tangu katikati ya miaka ya 1950 hadi zilipoingia za mstatili muongo mmoja baadaye. Uso wake peke yake unabeba zaidi ya tani 2, usiku na mchana, hata ikiwa imezimwa na kufunikwa kitambaa. Ikipasuka, vigae hukimbilia ndani kwanza, vikapishana, kisha vikatokea upande wa pili kwa nguvu ileile. Ndiyo maana televisheni za zamani zaidi zilikuwa na kioo cha ziada kilichosimama peke yake mbele ya kabati, kuwakinga waliokaa kutazama.

Kioo hicho cha kinga kilikuwa na kero zake. Umeme mkali wa tyubu huvuta vumbi, na vumbi lilijipenyeza katikati ya vioo viwili likatua mahali ambapo mama wa nyumbani hawezi kufika na kitambaa mpaka aitwe fundi. Kero ya pili ni ya mwanga. Kila hewa na kioo vinapokutana, karibu asilimia 4 ya mwanga hurudi ulikotoka. Kioo cha kinga kina nyuso mbili, tyubu ina wa kwake, jumla tatu, na zote zinarudisha sura ya dirisha na taa ya sebuleni juu ya picha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vikapata jibu: kibandike kioo cha kinga moja kwa moja juu ya uso wa tyubu kwa gundi angavu. Gundi ikiupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na kioo, mwanga hupita bila kugutuka, na nyuso tatu hubaki moja. Tena kioo kikivunjika, gundi inavishika vipande.

Ni ubunifu mzuri na sina neno baya juu ya waliouleta. Walichokosa kukihesabu ni umri. Gundi yenyewe, mara nyingi plastiki laini ya jamii ya PVA, iliwekwa kwa ajili ya chombo ambacho kila mtu alitegemea kingeuzwa chakavu baada ya miaka michache. Hakuna aliyewaza miaka 60. Unyevu ukapenya chini ya utepe uliozunguka ukingo, gundi ikaanza kuachia, na mengine nimekwisha kuyaeleza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 ukaja mkanda wa chuma unaoukaza ukingo wa tyubu ili isipasuke kwa kishindo, na polepole kioo cha pili kikaachwa.

Kwa hiyo fundi aliyeingia kazini miaka ya 1980, kama mimi, hakulelewa na tyubu za vioo viwili. Nilizikuta kama wageni wazee. Nilijifunza kazi Mombasa, Mwembe Tayari, katika chumba cha Ami, mdogo wake baba. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970, na rangi zikaingia mwaka 1978. Katikati ya mambo hayo zilikuwapo televisheni za Kiingereza, nyeusi na nyeupe, zilizoteremka na familia zilizohamishwa kikazi kutoka Nairobi. Waingereza nao walitengeneza tyubu za vioo viwili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ugonjwa ulikuwa uleule. Mteja aliingia ameikumbatia televisheni yake, jasho linamtiririka, akauliza swali moja tu: “Fundi, tyubu imekwisha?”

Ami hakulijibu swali hilo mlangoni. Alikuwa na sheria kwamba hatamki kifo kabla ya kupima, na kipimo cha kwanza kilikuwa macho. Ndani ya kila tyubu, mara nyingi karibu na shingo, kuna doa la madini ya bariamu lililotandazwa kiwandani ili limeze hewa iliyosalia. Hewa ikiwa haijaingia, doa hilo linang’aa. Ikiingia, linageuka jeupe. Siku za mwanzo Ami alinishika bega, akaielekeza tochi shingoni mwa tyubu, akanambia: “Mwanangu, ukiona fedha, mgonjwa yu hai. Ukiona maziwa, soma Fatiha.” Hadi leo sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo, na nimesoma vitabu vinene.

Baada ya macho alipima nguvu za kathodi, sehemu ya tyubu inayorusha elektroni. Mara nyingi tyubu zile zenye ukungu zilitoka na afya kuliko wengi wetu. Basi Ami alimwambia mteja ukweli wote: tyubu ni nzima, kilichoharibika ni gundi iliyo kati ya vioo viwili, na hapa Mombasa sina njia ya kukibandua kioo bila kuiua tyubu. Akamrudishia mali yake bila kumtoza. Wapo walioendelea kutazama habari na mpira kupitia ukungu kwa miaka. Wapo pia waliokasirika, kwa kuwa mtu akija kwa fundi hataki ukweli, anataka picha. Ami aliwaacha wakasirike.

Siku hizi naishi Columbus, Ohio. Maisha yana njia zake na sitazieleza hapa. Kitongojini Hilliard, upande wa magharibi wa mji, kuna Early Television Museum, makumbusho ya televisheni za kale, na mtu aliyezeeka na bisibisi mkononi akiingia mle hatoki upesi. Humo ndimo nilimoona kwa macho yangu tyubu zilizofanyiwa kile ambacho Ami alisema hakina njia: kioo kimebanduliwa, gundi imesafishwa, kioo kimerudishwa, na uso ni safi kabisa. Nilisimama mbele ya moja yao kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu mgeni kusimama.

Ukiuliza kwa nini watu wahangaike hivyo badala ya kununua tyubu nyingine, jibu ni kwamba hakuna nyingine. Karakana ya mwisho Marekani iliyokuwa ikifufua tyubu kuukuu, Hawk-Eye ya Des Moines, Iowa, ilifungwa mwaka 2010, na vifaa vyake vikachukuliwa na taasisi inayoendesha makumbusho hayo ya Hilliard. RACS ya Ufaransa nayo ilifunga milango mwaka 2013. Tyubu ya rangi ya inchi 21 ikivunjika leo, dunia imepungukiwa na moja.

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii ililetwa na jirani, bwana mmoja mstaafu ambaye televisheni yake ilinunuliwa na marehemu babake. Kabati la mbao zito, chesisi imejaa valvu, na skrini imeliwa na ukungu mpaka karibu na katikati. Alitaka kuitazama kama alivyoitazama utotoni. Alijua vituo vikubwa vya Marekani viliacha kurusha kwa njia ya zamani mwaka 2009, lakini hilo halikumshughulisha. Alikuwa na vipindi vyake kwenye diski na kikasha cha kuvigeuza. Nikawasha tochi, nikatazama shingoni. Fedha.

Kabla ya yote unaua umeme. Televisheni ya rangi ya zama hizo hupeleka takriban volti 25,000 kwenye tyubu, na tyubu yenyewe ni kapasita, yaani hutunza umeme, kwa sababu kioo chake kimepakwa rangi nyeusi inayopitisha umeme ndani na nje. Unauunganisha mdomo wa umeme na rangi ya nje kwa waya, unasikia mlio, na asiyejua hudhani amemaliza. Hajamaliza. Umeme uliojificha ndani ya kioo hujikusanya tena taratibu. Ami alikuwa akiutoa, anakunywa chai, anautoa tena, na mimi nimeshikilia desturi hiyo pamoja na chai yake.

Njia za kubandua kioo ziko kadhaa na kila mkusanyaji anatetea yake. Wapo wanaoilaza tyubu uso chini ndani ya beseni la maji yanayopashwa moto polepole. Wapo wanaotegemea jua la kiangazi na blanketi jeusi. Wapo wenye mashine ya kupuliza hewa ya moto, na hawa ndio wanaonitisha. Gundi ya PVA hulainika kwa joto ambalo mkono hauvumilii lakini maji hayachemki, kwa hiyo moto mkali hauhitajiki hata kidogo. Ubaya wa moto unaopulizwa mahali pamoja ni kwamba kioo hakisafirishi joto vizuri. Pale penye moto panatanuka, pembeni pa baridi panakataa, na kioo kinavutwa kati ya pande mbili. Kioo hustahimili sana kubanwa, lakini hakistahimili kuvutwa. Ongeza na zile tani 2 ambazo tyubu imekwisha kuzibeba, na utaelewa kwa nini mtu anaweza kuipasha tyubu moto saa nzima ikatulia, kisha mwenzake akaipasua kwa dakika moja kwa joto lilelile. Kinachopasua ni tofauti ya joto, na tofauti huletwa na haraka.

Nilikuwa bado nalitafakari hilo siku mpwa wangu aliponipigia kwa video kutoka Mombasa. Yeye ni fundi simu. Ana meza yake, taa yake, na foleni ya vijana walioangusha simu. Niliigeuza kamera nikamwonyesha tyubu na ukungu wake, nikamweleza kuwa ni kioo juu ya kioo na gundi iliyooza katikati.

Akacheka. “Mjomba, mbona hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku?”

Akanionyesha. Mezani kwake kuna sahani ya chuma inayopata moto, imetobolewa vitundu vinavyonyonya hewa ili simu isisogee. Anaiweka simu yenye kioo kilichopasuka, anasubiri joto lifike kama nyuzi 80, kisha anapitisha waya mwembamba mno kati ya kioo cha juu na skrini. Anaushika ncha mbili, anauchezesha kushoto na kulia huku akiuvuta kwake, na uso wake umetulia kabisa. Kioo kinaachana na skrini, skrini inabaki nzima. Baadaye anaipangusa gundi, anaweka mpya, anafunika kioo kipya. Mteja analipa robo ya bei ya skrini. Kazi hiyohiyo inafanyika Luthuli Avenue pale Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kwenye meza zisizotosha hata kuwekea kikombe.

Nilimuuliza maswali mengi siku ile, na sikuona aibu. Nilitaka kujua waya ukikwama anafanyaje. “Huongezi nguvu, Mjomba. Ukikwama ujue pamepoa. Rudisha moto, subiri.” Nikauliza kuhusu mikwaruzo. Akasema chuma cha waya hakikwaruzi kioo, kinachokwaruza ni mchanga, kwa hiyo osha kingo kwanza, na waya ukichakaa utupe usiuonee huruma. Ami, Mungu amrehemu, alifariki akiamini kuwa ufundi wa televisheni utakwenda kaburini na tyubu. Alisema hivyo alipoona skrini bapa za kwanza, na wengi wa rika langu tulimkubalia. Sasa huyu hapa mjukuu wake, kijana ambaye hajawahi kufungua televisheni ya tyubu, ananisomesha hatua kwa hatua kazi iliyomshinda babu.

Basi tukaanza. Nilichonga fremu ya mbao iliyotandikwa sponji nene, nikailaza tyubu uso juu, shingo imening’inia chini isiguswe na kitu, kwa sababu shingo ndipo palipo dhaifu kuliko pote. Nilitoa utepe wa ukingoni na gundi yake kavu kwa kisu cha plastiki, nikaosha kingo kwa maji na sabuni. Juu ya uso nikatandika blanketi la umeme, juu yake mablanketi ya kawaida, nikaliwasha kwa kiwango cha chini na kukipandisha kidogo kidogo. Mchana wa Julai wa Ohio ulinisaidia. Nilikuwa na kipimajoto cha kumulika na nilikizungusha pande zote, katikati na pembeni. Pande zilipopishana nilishusha, zilipolingana nilipandisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa sehemu kubwa, na mtu akija kutazama atadhani umelala.

Binti yangu alikubali kushika ncha ya pili ya waya. Nilimvalisha glavu za ngozi, mikono mirefu, na ngao ya uso, nami vilevile. Waya wetu ulikuwa uzi wa gitaa, ule mwembamba kuliko yote, usiozungushiwa kitu, tumeufunga ncha zake kwenye vipande vya ufagio. Tuliuingiza pale ukungu ulipokuwa umeshaachanisha vioo.

Uso wa tyubu umebinuka, na nilikuwa nimehofu kwamba ubinukaji huo ungetutatiza. Ukawa msaada. Waya uliovutwa pande mbili juu ya kitu kilichobinuka hukilalia, kwa hiyo ulijishikiza wenyewe kwenye uso wa tyubu na kupita chini ya gundi, bila kutafuta njia. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ulikwenda vizuri sehemu ya mwanzo, kisha ukazidi kuwa mzito kadiri tulivyokaribia kipenyo, kwa sababu pale ndipo waya unapogusa gundi kwa urefu mkubwa kuliko mahali pengine popote.

“Baba, umekwama.”

“Usivute.”

“Sivuti.”

“Basi na tupumzike.”

Tukarudisha mablanketi, tukakaa. Alitaka kujua kama kweli Ami alikuwa akiwarudishia watu televisheni bila kuwatoza senti, na alipataje kula. Nikamwambia alikula kwa sababu mtu akishaambiwa ukweli siku moja, redio yake ikiharibika hamtafuti fundi mwingine. Hata yule aliyekasirika alirudi, tena na jamaa zake. Joto lilipotosha tukaondoa mablanketi, na baada ya kukivuka kipenyo waya ulizidi kuwa mwepesi mpaka ukatokeza upande wa pili. Hakukuwa na mlio wowote. Kioo kililegea tu. Tukakiinua kwa vishikio vya kunyonya, vile vya mafundi wa madirisha, tukakiweka kando juu ya taulo.

Gundi ilibaki imeganda pande zote mbili. Ikiwa bado ya vuguvugu inabanduka kwa vidole, inakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na kwa kweli inafurahisha. Binti yangu alininyang’anya kazi hiyo. Ikipoa inakuwa ngumu, na hapo unahitaji wembe uliolazwa karibu bapa, spiriti, na mgongo wa kijana. Nyuma yake tukaukuta uso wa tyubu ambao hakuna aliyeugusa tangu kiwandani. Ukiinama karibu sana unaviona vitone vya fosfori kwa ndani, vimejipanga vitatu vitatu, chembe nyekundu, ya kijani na ya buluu, ingawa bila umeme zote ni kijivu.

Hapa ndipo wakusanyaji wanapogombana, na mimi nina upande wangu. Wengine husema uso umeshakuwa safi, kioo cha kinga cha nini tena? Irudishe tyubu kabatini ilivyo. Picha itakuwa nzuri hata zaidi. Sikubaliani nao hata kidogo. Tyubu ile iliumbwa itegemee kioo hicho. Haina mkanda wa chuma, wala kabati lake halina kioo kingine mbele. Ukiiacha uchi umemrudishia jirani yako tani 2 zisizo na kizuizi, sebuleni, mahali wajukuu wake wanaporushiana mipira. Kuna na sababu ya picha. Kioo cha kinga mara nyingi kimetiwa ukijivu kidogo kwa makusudi: mwanga wa picha hukipita mara moja, mwanga wa chumbani hukipita mara mbili, kuingia na kutoka, kwa hiyo weusi wa picha huzidi kuwa mweusi. Wala tyubu haitakaa sawasawa kwenye tundu lake bila unene ule.

Kukirudisha nako kuna njia mbili. Mpwa wangu alipendekeza gundi yao ya majimaji, inayogandishwa kwa taa ya urujuanimno. Kwa simu ni sekunde chache. “Jaza katikati, funika, mulika. Hakuna hewa, Mjomba, kioo kinakuwa kimoja.” Ni kweli kabisa. Kwenye uso wa inchi 21 uliobinuka ningehitaji gundi nyingi na bahati ya kutoingiza kipovu hata kimoja, lakini hilo si lililonizuia. Lililonizuia ni swali la atakayekibandua baada yangu. Baadaye nililetewa tyubu ambayo kiwanda kiliibandika kwa gundi ngumu ya aina nyingine. Blanketi halikuifanya lolote, waya haukupata pa kuingilia. Nilimrudishia mwenyewe kama ilivyo, na nilimweleza kama Ami alivyowaeleza wateja wake. Sipendi kuwa mtu wa kumtengenezea fundi ajaye tyubu ya namna ile. Kwa hiyo kwenye tyubu ya jirani nilizungusha utepe angavu wa gundi pande mbili ukingoni tu, mahali ambapo fremu ya kabati inafunika, nikakilaza kioo juu yake, nikaufunga ukingo kwa utepe imara kwa nje. Siku yoyote mtu akitaka kukitoa, atakitoa kwa ukucha na dakika chache.

Mpwa wangu hakuridhika. “Na hiyo hewa uliyoiacha katikati?”

Alikuwa amepagusa penyewe. Kwa kuacha hewa nimezirudisha zile nyuso mbili ambazo wahandisi walizifuta. Asilimia 4 juu ya asilimia 4. Nilimwambia ndivyo, na kwamba nimemweleza mwenye mali kabla ya kufunga, akachagua mwenyewe. Mpwa bado anashikilia kuwa ingekuwa yake angejaza gundi, na kwamba miaka 60 ijayo si tatizo lake. Tumebishana juu ya jambo hili kwa simu zaidi ya mara moja, na sidhani kama nitamshinda. Kazi yake yeye inadumu miaka miwili, mteja akanunua simu nyingine.

Tulipoiwasha kwa jirani, rangi zilikaa mahali pake na hakukuwa na ukungu popote. Dirisha la sebule lilionekana wazi juu ya picha, pazia na mti wa nje pamoja. Jirani aliinamisha kichwa upande huu na upande ule, akamwita mkewe, wakashauriana. Kisha wakatuomba tuwasaidie kulihamishia kabati ukuta wa pili, na lile kabati lilikuwa zito kwelikweli.